Kunde Ndani ya Chupa: Istilahi za Uchipuzaji wa Mikunde na Wajibu wa Wanakiswahili

Aghalabu mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili wa kubeba sayansi huendeshwa na watu ambao hawajapata kukanyaga maabara. Kwa upande mmoja wapo wanaoapa kuwa lugha hii inaweza kila kitu. Kwa upande wa pili wapo wanaoshikilia kuwa haiwezi, na kwamba juhudi za kuiwezesha ni kupoteza wino. Makundi haya hukutana makongamanoni, yakajibizana kwa ufasaha, kisha yakaagana bila yeyote kueleza hata kitendo kimoja cha kisayansi tangu mwanzo hadi mwisho wake. Makala haya yanachukua kitendo kimoja tu, tena kidogo: kuotesha mmea mzima wa kunde kutokana na kipande cha mche wake ndani ya chupa. Swali ni kwamba kitendo hicho kinasemwaje kwa Kiswahili. Si swali la anasa. Chupa hiyo ndiyo mlango ambao mbegu zenye jeni zilizobadilishwa hupitia, na Wakenya wamezozana kuhusu mbegu hizo kwa zaidi ya mwongo mmoja, sehemu kubwa ya mzozo ikiendeshwa kwa Kiswahili redioni, mabarazani na sokoni.

Kwanza kitendo chenyewe, kwa kuwa anayetaka kukipa jina sharti akijue.

Mbegu za kunde huoshwa kwa spiriti, kisha huloweshwa katika jiki iliyozimuliwa kwa maji ili kuua bakteria na kuvu waliojishikiza kwenye maganda. Zikishasuuzwa mara kadhaa kwa maji yaliyotakaswa, hupandwa katika chupa yenye chakula kilichoganda mithili ya uji uliolala. Chakula hicho kina madini, vitamini, sukari ya kawaida, mara nyingi gramu 30 kwa kila lita, na agari, yaani unga utokanao na aina fulani za mwani mwekundu, ambao ndio hukigandisha. (Mwani unaolimwa Unguja na Pemba hautoi agari bali karajini, dutu nyingine ya kugandisha; wengi huvichanganya viwili hivi.) Kabla ya kutumiwa, chakula hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo katika joto la nyuzi 121 za selisiasi kwa kiasi cha dakika 15, ili kisiwe na kiumbe hai chochote. Mchanganyiko unaotumiwa zaidi hujulikana kwa majina ya Murashige na Skoog, walioutangaza mwaka wa 1962 baada ya kuufanyia kazi kwa tumbaku. Ule wa Gamborg na wenzake, wa mwaka wa 1968, ulitokana na utafiti wa seli za mizizi ya soya, na kwa hivyo una undugu wa karibu zaidi na mikunde.

Siku chache baadaye mche huwa umeota. Hapo mtafiti huchukua kisu kikali, akaukata mzizi pamoja na sehemu kubwa ya shina, akabakisha ile sehemu ndogo ambapo majani mawili ya mbegu, yaani kotiledoni, yameungana na shina. Kifundo hicho ndicho roho ya kazi yote. Kwapani mwa kotiledoni mna seli changa ambazo bado hazijapangiwa kazi maalumu, na zikipewa homoni ya jamii ya saitokinini, kwa mfano benzilaminopurini, hazitoi chipukizi moja bali kichaka kizima cha machipukizi. Kwa soya, jambo hili lilionyeshwa mwaka wa 1980, na tangu hapo kifundo cha kotiledoni kimekuwa kipenzi cha watafiti wa mikunde ya namna nyingi: soya, kunde, mbaazi, dengu. Machipukizi hutenganishwa moja moja, yakahamishiwa chupa nyingine yenye homoni ya jamii ya oksini ili yatoe mizizi. Yakishapata mizizi hutolewa nje polepole, yakifunikwa kwa mfuko wa plastiki ili yasinyauke, mpaka yaizoee hewa ya kawaida.

Nadharia iliyo nyuma ya haya ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka wa 1902 Gottlieb Haberlandt wa Austria alidai kuwa seli moja ya mmea ina uwezo wa kuzaa mmea mzima. Alijaribu akashindwa, kwani homoni za mimea zilikuwa hazijajulikana. Mwaka wa 1957 Skoog na Miller walionyesha kwa tishu za tumbaku kuwa uwiano wa oksini na saitokinini ndio unaoamua: oksini ikizidi, mizizi hutokea, saitokinini ikizidi, machipukizi hutokea, zikikaribiana, hutokea donge tu lisilo na umbo. Kwa hakika huu ni miongoni mwa ugunduzi wa biolojia unaoelezeka kwa Kiswahili sanifu bila ya kuazima hata sentensi moja, na inastaajabisha kuwa hauelezwi.

Tatizo ni kuwa mikunde si tumbaku. Kipande cha jani la tumbaku huchipua kwa urahisi mno, ilhali jani la maharagwe, likitiwa katika chakula kile kile, aghalabu hubadilika rangi likawa la kahawia na kufa. Aina moja ya kunde huitikia, na aina ya pili, iliyolimwa shamba lilo hilo, ikakataa. Machipukizi yakipatikana huenda yakagoma kutoa mizizi, na hapo mtafiti hulazimika kuyaunganisha na mizizi ya mche mwingine uliooteshwa kwa njia ya kawaida. Maharagwe ya kawaida yamo katika orodha ya yale magumu zaidi. Brazili iliidhinisha mwaka wa 2011 maharagwe yaliyobadilishwa jeni ili kustahimili virusi vya ugonjwa wa rangi ya dhahabu, lakini safari ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Ugumu huu una maana ya kiuchumi. Mazao yaliyo mepesi chupani ndiyo yaliyotangulia kufaidi sayansi hii; yale ya maskini, kunde na mbaazi na maharagwe, yalibaki nyuma yakisubiri mtu wa kuyavumilia.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kuvuta kiti.

Chukua dhana ya msingi, ile ya mmea kutokea upya kutokana na kipande. Tafsiri inayoelekea kushika ni "kuzaliwa upya". Kasoro yake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuingia kanisani: neno hilo lina mwenyewe. "Uzalishaji upya" nao umekwisha kutumika kwa uzazi na kwa viwanda. Hata hivyo lugha inayo mizizi ya vitenzi iliyo karibu mno hata haionekani. Mmea huchipua, mtu huuchipuza. Kitendo cha mtafiti ni uchipuzaji, na cha mmea ni uchipuaji. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa mambo haya mawili, na msomaji huachwa akisie ni nani anayetenda. Kiswahili, kwa kiambishi cha kusababisha peke yake, kinatofautisha kazi ya mkono wa mtafiti na kazi ya seli. Katika utafiti wa mikunde tofauti hiyo ndiyo kiini cha mambo, maadamu mtafiti huweza kuchipuza mwezi mzima na mmea usichipue.

Donge lisilo na umbo lililotajwa hapo juu lina kisa cha kufundisha. Jina lake la kimataifa limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya ngozi iliyokakamaa, na mfasiri mwangalifu atakimbilia "sugu", ambalo kwa Kiswahili ni lile gamba gumu la kiganjani mwa mkulima au pajini mwa uso wa mwenye kusujudu. Tafsiri ni sahihi kikamusi na ni mbovu kimaabara. Kwanza, donge la chupani mara nyingi ni laini na lenye kumeguka, wala halina ugumu wa sugu. Pili, neno "sugu" katika kilimo lina kazi nyingine nzito: kunde sugu ni zile zinazostahimili wadudu, na seli sugu ni zile zinazostahimili dawa ya kuua bakteria inayotiwa chupani ili kuzichuja zilizopokea jeni mpya. Mwanafunzi atakayeambiwa achague seli sugu kutoka katika sugu ya kunde sugu atakuwa na haki ya kurudi nyumbani. "Donge" ni neno duni, halina hadhi ya Kilatini, lakini halimdanganyi mtu.

Kisha kuna kile kipande cha mche kinachokatwa na kutiwa chupani. Wengi wangekiita kipandikizi, na neno hilo limekwisha kubebeshwa mizigo mitatu. Kupandikiza ni kuhamisha miche kutoka kitaluni hadi shambani. Kupandikiza ni kuunganisha tawi la mwembe mmoja na shina la mwembe mwingine. Kupandikiza ni kutia figo ya mtu katika mwili wa mtu mwingine. Katika kazi ya mikunde, kipande hukatwa, chipukizi lake lisilotaka mizizi huunganishwa na shina la mche mwingine, na mmea unaopatikana huhamishiwa shambani. Vitendo vitatu katika muda wa miezi michache, na vyote vingeitwa upandikizaji! Wakulima wa miche ya matunda, hasa nchini Tanzania, wamekwisha kulitatua nusu ya tatizo hili kwa kusema "kubebesha" kwa maana ya kuunganisha: mche uliobebeshwa. Hakuna sababu ya watunga istilahi kulipuuza neno hilo kwa kuwa tu limetoka kitaluni. Basi kupandikiza kubakie kuhamisha miche, kubebesha kuwe kuunganisha, na kipande kinachokatwa kwa ajili ya chupa kiitwe mmego, kutokana na kumega. Wapo watakaolipinga hili la mwisho na kuleta jingine. Wakilipinga wakiwa wamekiona kisu kikipita juu ya kifundo, upinzani wao utakuwa na faida.

Haifai kuona kuwa kila kitu sharti kivishwe kanzu. Benzilaminopurini itabaki benzilaminopurini, kwa kuwa jina la kemikali ni anwani yake duniani kote. Homoni nayo ibaki homoni. Wanaotaka iitwe kichocheo wasahau, maana kichocheo katika kemia kina kazi yake tayari. Ari ya kutafsiri kila neno imeliumiza Kiswahili karibu sawa na uvivu wa kutotafsiri lolote.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha mwaka wa 1990 kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia, na yeyote aliyewahi kufundisha sayansi kwa Kiswahili ana deni kwa watungaji wake. Hata hivyo orodha ya kialfabeti ina udhaifu ambao hauwezi kulaumiwa mtu. Ndani yake kila neno hukaa peke yake. Migongano ya aina ya sugu na sugu, au kupandikiza na kupandikiza, haionekani katika orodha. Huonekana pale maneno yanapolazimika kukaa katika aya moja na kufanya kazi pamoja. Ndiyo maana istilahi za fani hii hazitapatikana kwa kamati kukutana na kuisogeza orodha kutoka A hadi Z. Zitapatikana kwa mtu kuandika, kwa Kiswahili, maelezo kamili ya jinsi mmea wa kunde unavyochipuzwa, kurasa 10 au 20, akigonga ukuta kila penye ukuta.

Pingamizi linalotolewa mara kwa mara ni kuwa watafiti wenyewe husoma na kuandika kwa Kiingereza, hivyo Kiswahili cha maabara hakina msemaji. Hoja hii haina mashiko. Maabara haiendeshwi na wenye shahada za uzamifu peke yao. Wapo wanaoosha chupa, wanaopika chakula cha mimea, wanaohamisha miche kutoka chupani kwenda kwenye udongo, na hao husemezana kwa Kiswahili cha kubahatisha kilichochanganyika na majina ya Kiingereza yaliyokatwakatwa. Wapo pia wakulima. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, migomba iliyokuzwa chupani imesambazwa nchini Kenya kwa juhudi za iliyokuwa taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, ambayo tangu 2013 imo ndani ya KALRO, pamoja na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Wakulima wakaiita migomba ya tishu. Jina hilo limeenea bila ya idhini ya msomi yeyote, tena katika nchi ambamo tishu, kwa mwenye duka, ni karatasi ya msalani.

Jina hilo linafichua pengo lenye hatari. Mgomba wa tishu haujabadilishwa jeni yoyote. Ni nakala safi ya mgomba mama, isiyo na minyoo wala magonjwa ya udongoni, basi. Mmea wa kunde uliochipuzwa chupani nao huenda haujabadilishwa chochote. Na huenda umebadilishwa, iwapo mmego wake ulichovywa kwanza katika maji yenye agrobakteria iliyobeba jeni ngeni. Chupa ni ile ile, chakula ni kile kile, na kisu ni kile kile. Tofauti iko katika hatua moja isiyoonekana kwa macho. Mwananchi asiyekuwa na neno la hatua hiyo ataita vyote "mbegu za maabara", kisha atavikataa vyote au kuvikubali vyote. Katika hali zote mbili atakuwa ameamuliwa na upungufu wa msamiati.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vilivyobadilishwa jeni mnamo Novemba 2012, na Baraza la Mawaziri likaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022. Mara moja mzozo ukahamia mahakamani. Katika kipindi hicho chote wananchi waliombwa maoni, kama Katiba ya 2010 inavyotaka. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Maoni hutolewa kwa maneno. Anayeulizwa kama anaikubali kunde iliyobadilishwa jeni, ilhali hajawahi kuelezwa kwa lugha anayoielewa tofauti ya kuchipuza na kubadilisha, anaulizwa kuhusu hofu yake tu.

Wala kunde hizo si za kufikirika. Mwezi wa Desemba 2019 Nigeria iliidhinisha aina iitwayo SAMPEA 20-T, yenye jeni iliyotoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, ili kuua kiwavi wa Maruca anayetoboa maua na maganda ya kunde. Kiwavi huyo akishamiri anaweza kumaliza sehemu kubwa ya mavuno, na mkulima hulazimika kunyunyiza sumu mara kwa mara. Njia ya kutia jeni katika kunde na kuhakikisha inarithiwa na vizazi vifuatavyo ilitangazwa mwaka wa 2006 na watafiti wa shirika la sayansi la Australia, CSIRO, waliotumia vifundo vya kotiledoni. Mimea iliyofaulu ilikuwa michache mno ikilinganishwa na mimego iliyotumika. Ufugaji wa mbegu yenyewe ulifanywa na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria. Aliyeratibu mradi ni shirika la AATF, ambalo makao yake makuu yako Nairobi. Kwa maneno mengine, kitovu cha uratibu kilikuwa mwendo wa matatu kutoka idara kadhaa za Kiswahili. Msomaji wa Kiswahili akitaka kujua nini kilifanywa katika chupa zile, amwendee nani?

Jibu la kweli ni kuwa awaendee wanafunzi wa Kiswahili, na kwa sasa hawana cha kumpa. Tasnifu za uzamili zinaendelea kuchambua maudhui ya riwaya zile zile na ngeli za lahaja zile zile, kazi ambayo ina thamani yake lakini haihitaji watu wote. Vyuo vikuu kama Kenyatta na Egerton vina walimu wa Kiswahili na watafiti wa mimea katika chuo kimoja. Mwanafunzi wa isimu anaweza kuketi maabarani kwa muhula mmoja, akaandika kila hatua, akawauliza wenye kuosha chupa wanaziitaje, akawauliza wakulima, kisha akarudi na tasnifu. Mtahini atakayesema kuwa hiyo si isimu atapaswa kueleza ni nini basi.

Na kazi hiyo haitaishia kwenye maneno magumu. Majina ya mikunde yenyewe hayajatulia. Nafaka ndogo ya kijani ambayo mkulima wa Kitui na Makueni huiita ndengu, Mswahili wa Mombasa huiita pojo, na vitabu vya Tanzania huiita choroko. Dengu iliyotajwa hapo awali katika makala haya si hiyo: nchini Tanzania ni mmea mwingine kabisa, wenye punje kubwa zaidi za rangi ya kahawia hafifu na ncha kama mdomo wa kifaranga. Watafiti hujiokoa kwa majina ya Kilatini, Vigna radiata kwa ile ya kwanza na Cicer arietinum kwa hii ya pili. Lakini anayebandika kibandiko kwenye chupa kwa haraka, jioni, huandika jina analolijua, na chupa iliyoandikwa "dengu" upande mmoja wa Namanga yaweza kupokewa upande wa pili na mtu ambaye amekwisha kuandaa chakula cha mmea mwingine.